TAHADHARI: Kuna "fundi wa draiva" anayewaibia wenye CNC za mbao

Wakuu wenye karakana za samani, hasa sisi wa Keko na maeneo ya jirani hapa Dar: kuna mtu anajitangaza mtandaoni kwamba anatengeneza na kuuza draiva (vifaa vinavyoendesha mota) za CNC, yaani mashine za kukata mbao zinazoongozwa na kompyuta. Kumtaja jina hakutawasaidia, maana namba na kurasa anabadilisha kila mara. Mtambueni kwa anavyofanya kazi.

Unamtumia video ya mashine iliyogoma na taa nyekundu inawaka. Hakuulizi modeli ya draiva, hakuulizi taa inapepesa mara ngapi. Jibu lake ni lilelile: "Draiva imekufa hiyo." Anakuja, anaing'oa, anasema anaenda kuipima ofisini kwake. Baadaye anapiga simu: haitengenezeki, ila anayo "mpya, orijino", utume hela yote kwanza kwenye simu. Ukiomba risiti ya EFD, anaahidi ataileta na mzigo.

Jirani yangu aliletewa hiyo "mpya". Tulipoifungua, feni ilikuwa imejaa unga wa mbao na skrubu zimeshaliwa vichwa. Stika tu ndiyo iliyokuwa mpya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba draiva yake ya zamani tuliikuta inafanya kazi kwenye mashine ya mwenzetu mwingine, aliyeuziwa na mtu huyohuyo. Serial namba ililingana na picha aliyokuwa nayo jirani kwenye simu. Draiva haikuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa waya wa enkoda (kihisi kinachosoma mota imefika wapi) uliokatika ndani ya cheni ya kebo, pale unapojikunja kila mashine inapotembea.

Mtu huyu anaishi kwa sababu wengi wetu tukiona alamu tunadhani ni habari ya kifo. Alamu nyingi ni draiva inajilinda, na inakwambia kwa nini. Kwenye draiva ya Leadshine HBS86H, taa nyekundu ikipepesa mara 1 ni mkondo umezidi, mara 2 ni volti imezidi, mara 7 ni mota haijafika pale ilipoamriwa kufika. Hiyo ya mara 7 ndiyo anayoipenda, kwa sababu chanzo chake kinaweza kuwa chochote: waya wa enkoda, kapulingi (kiungo cha shafti ya mota) iliyolegea, reli zilizoganda vumbi na grisi, au kisu kimezamishwa kupita kiasi kwenye mninga. Zima umeme, sukuma mhimili (sehemu ya mashine inayotembea) kwa mkono. Ukikaba mahali, anza hapo kabla ya kumlipa mtu.

Wenye servo (mota zenye enkoda, pamoja na draiva zake) za Delta, alamu ya AL013 ni kitufe cha dharura au waya wake. AL014 na AL015 ni swichi za mwisho wa safari, na vumbi au waya uliokatika unatosha kuzileta. Kwa Yaskawa, A.830 ni betri ya enkoda imechoka. Ni betri ndogo ya volti 3.6, nayo hubadilishwa umeme wa kontroli ukiwa umewashwa ili mashine isipoteze nafasi yake. Kuna mtu aliambiwa anunue draiva nzima kwa sababu ya A.830! Huo ni wizi, siwezi kuuita jina jingine.

Fundi mkweli atakuthibitishia mbele yako, hapohapo kwenye mashine. Kama una draiva mbili za modeli moja, tuseme zile za mota mbili za mhimili wa Y, umeme unazimwa, mnasubiri chaji iishe, kisha draiva zinabadilishana nafasi, na viswichi vidogo vya pembeni vinapangwa kama vilivyokuwa kila upande. Alamu ikihama na draiva, draiva ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tafuteni kwenye mota, waya au reli. Kisha apime koili za mota kwa mita: kwenye stepa (mota inayozunguka kwa hatua ndogondogo), vipimo vya koili mbili vinapaswa kukaribiana, na kati ya koili na bodi la mota pasiwe na mawasiliano. Hayo ni mambo ya muda mfupi. Anayekataa kuyafanya mbele yako, asiondoke na kifaa chako.

Na mkimwona mtu yeyote anachomoa waya wa mota umeme ukiwa umewaka, mzuieni. Draiva nzima inaweza kuungua hapohapo, halafu akasema aliikuta hivyo.

Kabla draiva haijatoka kwenye paneli, piga picha ya lebo yote, serial namba ionekane, na aandike kwa mkono wake kwamba ameichukua. Usilipe yote kabla haijafungwa na mashine kukata mbao mbele yako.

Aliyekwishaumizwa asifute meseji wala ujumbe wa muamala. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, na kama alikutumia meseji za utapeli, zitume kwenye namba 15040. Pia, kama umenunua draiva "mpya" yenye stika iliyobandikwa juu ya nyingine, weka hapa modeli na tarakimu nne za mwisho za serial. Kuna wenzetu ambao draiva zao zilichukuliwa "kupimwa" na hazijarudi, na picha za lebo tunazo.