Uzoefu wangu na oili ya GL-4 75W-90 kwenye giaboksi yenye gia ngumu

Nianze na jibu kwa wasio na muda wa kusoma yote. Oili mpya ya GL-4 75W-90 (GL-4 ni daraja la oili ya gia, 75W-90 ni uzito wake) imelainisha gia ya pili na ya tatu, hasa asubuhi giaboksi ikiwa bado ya baridi, na mkwaruzo niliokuwa nausikia nikishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili umeisha. Ugumu wa kuusogeza mkono wa gia kushoto na kulia haukubadilika hata kidogo. Rivasi nayo imebaki na tabia zake. Kwa hiyo nimeridhika na oili, ila mtu akikuambia kwamba inatibu kila ugonjwa wa giaboksi, mwache aseme.

Gari ni dogo, gia tano, linavuta kwa magurudumu ya mbele, na mkono wa gia umeunganishwa na giaboksi kwa kebo mbili. Nililipata likiwa limeshatumika na hakuna aliyejua oili ya giaboksi ilimwagwa lini mara ya mwisho. Hilo si ajabu. Oili ya injini kila mtu anaikumbuka, ya giaboksi hukumbukwa gia zikianza kugoma.

Na zilikuwa zinagoma kwa namna yake. Mkono ulikuwa unakwenda vizuri hadi katikati, unagota kama umekuta kizingiti, halafu ukiongeza nguvu unavuka na gia inaingia kwa kishindo unachokisikia kiganjani. Gia ya kwanza gari likiwa limesimama ilikuwa inakubali mara moja na kukataa mara nyingine. Ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Ya nne na ya tano hazikuwa na shida ya maana. Baada ya kuendesha kwa muda, giaboksi ikipata joto, mambo yalikuwa yanapoa, na mtu akipanda wakati huo angeweza kukuambia unajisumbua bure.

Kabla ya kununua oili nilifanya jaribio ambalo halihitaji hata spana. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa injini, gari likiwa limesimama na breki ya mkono imepandishwa, urudie. Kama gia zinaingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa lakini zinakataa ikiwa inaunguruma, mshuku klachi kwanza: haiachii yote, kwa hiyo shafti inayoingia kwenye giaboksi inaendelea kuzungushwa na injini wakati wewe unaitaka itulie. Ugumu ukiwa uleule katika hali zote mbili, tatizo liko kwenye kebo, bushi za viungo (vile vipande vya raba na plastiki vinavyoshika maungio), au ndani ya giaboksi yenyewe.

Kwangu, ule ugumu wa kwenda pembeni ulikuwepo injini ikiwa imezimwa pia, na gia ya pili ilisumbua zaidi nikiwa natembea. Yaani ni matatizo mawili tofauti yaliyojificha kwenye mkono mmoja. Hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa, wanatafuta dawa moja ya magonjwa mawili.

Klachi niliipima pia. Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, ingiza rivasi. Ikisaga meno hata baada ya kusubiri, klachi haiachii. Njia nyingine ni kupampu pedali mara mbili tatu haraka. Gia zikilainika baada ya hapo, kuna hewa kwenye mfumo wa haidroliki au moja ya silinda zake imechoka. Yangu haikuonyesha dalili hizo. Na kabla hujamwita fundi, angalia chini ya pedali. Kapeti la miguuni likijikunja pale, klachi haifiki mwisho, na hakuna oili wala pleti mpya itakayosaidia.

Sasa kwa nini oili iwe na neno kubwa hivi kwenye ulaini wa gia? Ndani ya giaboksi kuna ringi za sinkronaiza, mara nyingi za shaba ya njano. Unaposukuma mkono, ringi inajibana kwenye koni ya gia unayoitaka, na msuguano huo ndio unaosawazisha mwendo wa vipande viwili vinavyozunguka kwa kasi tofauti. Mpaka kasi zilingane, meno ya ringi yanazuia gia isiingie. Kile kizuizi unachokisikia mkononi ni kazi inafanyika; shida ni pale inapochukua muda mrefu. Ringi ina mifereji midogo ya kukata utando wa oili ili ishike. Oili ikiwa nzito kwa sababu ya baridi, utando unachelewa kukatika na mkono unagota. Oili ikiwa teleza kupita kiasi, ringi inateleza badala ya kushika, na wewe unasikia mkwaruzo. Giaboksi inataka oili inayolinda meno lakini inayoiachia ringi isuguane. Ndiyo maana chupa yoyote iliyoandikwa "oili ya gia" haitoshi.

Gia ya pili huchakaa mapema kwenye magari mengi kwa sababu pengo la uwiano kati ya ya kwanza na ya pili ni kubwa, ringi yake ina kazi nzito kila ukibadilisha. Watengenezaji wanalijua hilo, na baadhi huiwekea gia ya pili sinkronaiza yenye koni mbili au tatu.

Turudi kwenye chupa. GL-4 na GL-5 si ya kawaida na ya bora zaidi, ingawa namba zinashawishi uamini hivyo. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu za haipoidi, yaani zile ambazo meno ya gia zake yanapishana kwa kuteleza na kusuguana kwa shinikizo kubwa sana, na kwa kawaida ina karibu mara mbili ya viongezi vya salfa na fosforasi kuliko GL-4. Viongezi hivyo, hasa kwenye joto, vinaweza kuila shaba ya njano, na pia vinafanya ringi ziteleze. Zipo GL-5 za kisasa zisizodhuru shaba, na zipo giaboksi ambazo mtengenezaji wake anaruhusu zote mbili. Kitabu cha gari langu kinasema GL-4, nikaishia hapo. Chapa siitaji kwa makusudi, kwa sababu kilichofanya kazi hapa ni daraja na uzito, na chapa kadhaa zinatengeneza kitu hichohicho.

Kuhusu uzito, yaani oili inavyotiririka kwa urahisi au kwa shida: 75W hupimwa ikiwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Wengi wetu hatutawahi kuegesha gari kwenye baridi ya namna hiyo, lakini maana yake ni kwamba 75W-90 inabaki nyepesi zaidi giaboksi ikiwa haijapata joto, na dakika zile za mwanzo ndizo zilizokuwa zinanitesa. Hiyo 90 nayo isikutishe. Vipimo vya oili ya gia na vya injini havifanani. 75W-90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 10W-40. Na usidhani kila giaboksi ya klachi inataka oili hii. Honda za zamani zilikuwa zinawekewa oili ya injini, na zipo giaboksi za klachi zinazotumia ATF, ile ya magari ya otomatiki. Kitabu cha gari kwanza, ushauri wa mitandaoni baadaye, huu wangu ukiwemo.

Kazi ya kubadilisha si ngumu, ila ina mpangilio mmoja ambao haujadiliwi: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, una giaboksi tupu na gari lisilokwenda popote. Gari liwe sawasawa, si limeinuliwa upande mmoja, maana kipimo ni tundu lenyewe la kujazia. Unajaza hadi oili ianze kuchuruzika, basi. Iliingia takriban lita mbili. Zile washa za nati, ringi bapa za kuzuia kuvuja, weka mpya. Na andaa matambara, hii oili inanuka salfa na harufu haitoki mikononi kwa urahisi.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, na kwenye mwanga ilimeta chembe za dhahabu. Hizo ni ringi zinasagika. Chembe kidogo kwenye giaboksi iliyotembea sana si za kutia hofu, na ule uji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida. Ungekuwa umeona vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, oili mpya isingekuwa na la kufanya. Hapo ni kushusha giaboksi.

Siku ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo, nikaanza kujiuliza kama ni akili yangu tu inataka kuona matokeo. Ilionekana wazi baada ya wiki chache za kuendesha. Asubuhi gia ya pili bado inadai upole kwenye kona za mwanzo, lakini ule mgoto umekuwa mguso mdogo tu. Kushuka kutoka tatu kwenda mbili hakuna mkwaruzo. Giaboksi ikipata joto, tofauti na zamani ni ndogo, kwa sababu hata zamani ilikuwa inalainika yenyewe. Kama yako ni ngumu ikiwa ya moto na laini ikiwa ya baridi, sidhani dawa yako ni hii.

Ugumu wa pembeni niliumaliza kwa kubadilisha bushi za kwenye ncha za kebo. Za zamani zilikuwa zimekauka na kupanuka, mkono unacheza kabla haujafanya lolote, halafu unakwama ukitaka kuvuka kutoka mstari wa gia ya kwanza na ya pili kwenda wa tatu na nne. Ni vipande vidogo vya raba na plastiki, na kusema kweli vilibadilisha hisia za mkono kuliko oili. Ningeshauri uanze navyo, isipokuwa dalili yako ni mkwaruzo.

Nilishauriwa pia niongeze dawa ya kupunguza msuguano kwenye oili. Nilikataa na bado nakataa. Ringi zinaishi kwa msuguano. Kuziondolea huo msuguano ni kuniongezea mimi mkwaruzo.

Dosari niliyoiona ni moja: oili sili ya ekseli, ile raba inayozuia oili kuvuja pale ekseli inapoingia kwenye giaboksi, upande mmoja imeanza kulowa. Siilaumu oili moja kwa moja, sili ilikuwa ya zamani na huenda uchafu wa oili ya zamani ndio uliokuwa umeiziba. Lakini kama sili zako zimechoka, kagua chini ya gari mara kwa mara baada ya kubadilisha, kwa sababu giaboksi nyingi hazina kijiti cha kupimia wala taa ya kukuonya oili ikipungua.

Rivasi, kama nilivyosema, haijabadilika. Kwenye gari langu haina sinkronaiza, kwa hiyo hakuna oili ya kuisaidia. Nikiwa nimesimama naingiza kwanza gia ya pili ili shafti itulie, kisha bila kuachia klachi navuta rivasi, na inaingia kimya.