Mradi wa Kaboni wa Malisho Kaskazini mwa Kenya: Je, Unamfaa Mfugaji?

Mradi huu wa Northern Rangelands Trust, shirika linalosimamia hifadhi za jamii kaskazini mwa Kenya, ambao hesabu yake ya kaboni huanzia mwaka 2013, umeenea katika hekta zipatazo milioni 1.9 za malisho ya Wasamburu, Waborana, Warendile na majirani zao. Jamii hupanga upya namna ya kulisha mifugo ili udongo uhifadhi kaboni zaidi, hati za kaboni hiyo huuzwa kwa makampuni ya ng'ambo yanayotaka kufidia hewa chafu yanayotoa, na sehemu ya mapato hurudi kwenye hifadhi za jamii, yaani maeneo ya malisho na wanyamapori yanayosimamiwa na wenyeji.

Kuhusu nyasi zenyewe sina shaka. Nyasi ikiliwa hadi shinani, kisha ikaliwa tena kabla haijapona, hutumia akiba yake yote kuchipua majani, na mizizi hupungua mwaka hadi mwaka mpaka ardhi inabaki tupu na ngumu kama sakafu. Ikipumzishwa msimu mzima wa mvua, mizizi hurefuka, mingine hufa na kuozea humo humo ardhini, na sehemu ya kaboni yake hubaki imeshikamana na udongo. Hata kwa macho utaona: palipopumzishwa mvua huzama, palipochakazwa maji hutiririka yakiuzoa udongo.

Hata hivyo, kupumzisha malisho hakukuletwa na mradi. Waborana wana deedha, utaratibu wao wa jadi wa malisho, ambamo wazee hutenga malisho ya masika na ya kiangazi na kuamua nani ahamie wapi. Misimu 5 ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, uhai wa mifugo ulitegemea uhuru huo wa kuhama, na mpango wowote wa malisho usioupa nafasi utamwumiza mfugaji.

Lililonisikitisha zaidi ni suala la ridhaa ya wananchi wenye malisho. Mwaka 2023 Verra, shirika linaloidhinisha hati hizo, lilisitisha utoaji wake ili kuupitia mradi upya. Na Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, ikiwemo Biliqo Bulesa iliyomo mradini, ziliundwa kinyume cha sheria, bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Naupa mradi alama 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya nyasi. Mnunuzi wa hati hizi aombe kwanza kumbukumbu za mikutano ambamo wazee wa deedha walisomewa mkataba kwa Kiborana na kuukubali.