Posta ya Marekani: bei moja hadi nyumba ya mwisho

Huu ni mwaka wangu wa nane nikiitumia Posta ya Marekani, ambayo wenyeji huiita USPS, kupokea barua za benki, dawa na fomu za kodi, na kutuma vitabu pamoja na kadi za Idi kwa ndugu zangu walioko Tanga. Sisi tuliokulia katika utaratibu wa S.L.P., ambapo barua za ukoo mzima zilipitia sanduku la shule au la ofisi ya mjomba na kusubiri hadi mtu apite mjini, hatukosi kushangaa tunapoona barua ikimfuata mwenyewe hadi nyumbani kwake siku sita kwa wiki, na mpokeaji hadaiwi chochote. Hata hapa haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wakulima wa Marekani nao walikuwa wakifunga safari kwenda mjini kuulizia barua zao, mpaka mwaka 1896 serikali ilipoanza kuzipeleka mashambani kwa majaribio katika jimbo la West Virginia, na mwaka 1902 huduma hiyo ikawa ya kudumu.

Leo shirika hili lina ofisi zaidi ya 30,000, wafanyakazi zaidi ya 600,000 na anwani zaidi ya milioni 160 za kuhudumia. Hata hivyo, mtu anayeishi mjini na kumwona tarishi akipita kila siku hawezi kuupima ukubwa huo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Supai, kijiji cha watu wa kabila la Havasupai kilicho chini kabisa katika bonde la Grand Canyon, Arizona, mahali pasipofika barabara ya gari. Barua, vifurushi na hata vyakula vya wanakijiji hao huteremshwa migongoni mwa baghala, wale wanyama wanaozaliwa na punda na farasi, kwa njia ya mawe yenye urefu wa kilomita zipatazo 13. Barua ya kawaida inayokwenda huko hubandikwa stempu ile ile inayobandikwa kwenye barua ya kwenda mtaa wa pili. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sifa kuu ya huduma hii, kwa maana makampuni binafsi ya vifurushi hutoza nyongeza kwa anwani za mbali, ilhali posta inawajibika kumhudumia kila raia popote alipojenga.

Kwa matumizi ya kila siku, naridhika nayo. Ninapokuwa na barua ya kutuma, naiweka katika kisanduku kilichopo mbele ya nyumba na kuinua kibendera chake chekundu, na tarishi anapopita huichukua. Kila asubuhi hupokea kwa barua pepe, bila malipo, picha za bahasha zinazotarajiwa kunifikia siku hiyo. Kwa vitu vizito, kama vitabu, huchukua maboksi ya bei maalumu, ambayo ndani ya nchi gharama yake haibadiliki kwa uzito hadi kilo 31 na ushei, mradi vitu vyako vienee na boksi lifungike. Baadhi ya ofisi hupokea pia maombi ya pasipoti, na dirishani huuzwa hawala za fedha, jambo linalowafaa wale wasio na akaunti ya benki.

Kutuma nyumbani ni rahisi kwa barua na ghali kwa vifurushi. Stempu moja ya kimataifa, ambayo Julai 2025 ilifika dola 1.70, huifikisha barua isiyozidi gramu 28 katika nchi yoyote inayohudumiwa, kwa sababu posta za dunia zimeungana tangu mkataba uliotiwa saini Bern, Uswisi, mwaka 1874, na barua yangu ikishawasili Dar es Salaam hukabidhiwa Shirika la Posta Tanzania liimalizie safari. Kifurushi kinahitaji pia fomu ya forodha, nami sikosi kuandika juu yake namba ya simu ya mpokeaji pamoja na S.L.P.

Upungufu upo, nao si mdogo. Stempu ya barua ya kawaida ya ndani ya nchi iliyokuwa senti 55 mwanzoni mwa mwaka 2021 ilifika senti 78 Julai 2025, na katika muda huo huo huduma ilipunguzwa kasi: tangu Oktoba 2021 barua ya kawaida, ambayo awali iliahidiwa kufika kwa siku moja hadi tatu, inaweza kuchukua hata siku tano. Kulipa zaidi kwa huduma ya polepole kunaudhi. Chanzo chake kinaeleweka, kwani barua za daraja la kwanza, yaani hizo za kawaida, zilizozidi bilioni 100 mwaka 2001 sasa hazifiki nusu ya idadi hiyo, huku nyumba za kufikiwa zikiongezeka kila mwaka, na shirika hujiendesha kwa mauzo yake badala ya kodi. Katika mwaka wa fedha wa 2024 lilipata hasara ya dola bilioni 9.5. Wapo wanaoshauri ofisi za vijijini zifungwe ili hasara ipungue, nami napingana nao kabisa, kwa kuwa ofisi hizo ndizo zinazoifanya posta iwe ya taifa zima.

Kwa nyaraka za haraka, nashauri msomaji alipie huduma ya Priority Mail Express, asitegemee stempu ya kawaida. Akihama, ajaze mapema fomu ya kubadili anwani ili barua zimfuate anakohamia. Na mgeni ambaye hajapata nyumba ataandikiwa barua kwa jina lake, maneno General Delivery, na mji, jimbo na msimbo wa posta wa mahali alipo. Ofisi itamhifadhia kwa kawaida hadi siku 30 bila malipo, naye ataichukua dirishani kwa kuonyesha kitambulisho chenye picha.