Hawa wa kupunguza madeni ya kadi za mkopo, nawapa nyota 1

Jamani mlioko huku Marekani, kadi yangu ilipitisha siku 180 bila kulipwa benki ikaifuta kwenye vitabu vyao, nikadhani yameisha kumbe bado nadaiwa dola 4,200. Nikawapigia hawa wanaojidai kukupatanisha na benki, wakataka hela kabla hawajafanya chochote, na sheria toka 2010 inawakataza wanaouza huduma hii kwa simu kuchukua ada kabla hata deni moja halijapatanishwa! Nikaachana nao, nikaongea na benki mwenyewe, nikaanza na 1,200 tukaishia 1,900 kwa mkupuo, ila nilidai barua kwanza ndo nikatuma. Mwaka uliofuata ikaja fomu 1099-C, ile ya deni lililosamehewa, na ile 2,300 waliyosamehe kwa kawaida IRS (watu wa kodi wa Marekani) wanaihesabu kipato, hilo hakuna aliyenitonya, iliniuma sana.