Hell's Gate, Naivasha: Miamba Mizuri, Maelezo Haba

Wakazi wengi wa Nakuru wanapotafuta pa kwenda siku ya mapumziko huenda kuwatazama flamingo au kusimama ukingoni mwa kreta ya Menengai, huku Hell's Gate ikiachiwa wageni wanaotoka Nairobi. Kwa mtu anayependa miamba, hilo ni kosa. Hifadhi hii ya Naivasha ilianzishwa mwaka 1984, ina eneo la kilomita za mraba 68 hivi, na ni miongoni mwa hifadhi chache nchini zinazomruhusu mgeni kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli miongoni mwa punda milia na swala. Ruhusa hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu aliye ndani ya gari huyaona majabali kwa mbali tu, ilhali mwenye baiskeli husimama atakapo na kuyakaribia.

Muda mfupi baada ya kupita Lango la Elsa unakutana na Mnara wa Fischer, uliopewa jina la Gustav Fischer, mpelelezi Mjerumani aliyefika huku mwaka 1883. Una urefu wa mita 25 hivi, na ni kizibo cha volkeno: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliganda ndani ya koo lake, kisha mvua na upepo vikaondoa mawe laini yaliyoizunguka hadi ikabaki imesimama peke yake. Wamaasai husimulia kwamba ni msichana aliyegeuka jiwe kwa kutazama nyuma alipokuwa akienda kuolewa. Pimbi wanaoishi kwenye nyufa zake wamezoea watu mno, nao huwachangamsha watoto kuliko mnara wenyewe.

Magenge yaliyo mbele ya hapo ndiyo yaliyonivutia zaidi. Lava yake ilikuwa nzito, yenye silika nyingi (madini yaliyomo pia kwenye mchanga na kioo), na ilipopoa ilisinyaa na kupasuka kwa wima, ndiyo sababu ukuta mzima unafanana na mabua ya mahindi yaliyosimamishwa pamoja baada ya kuvuna. Ukisogea utaona kwamba nguzo hizo hazilingani: nyingine ni nene, nyingine zimepinda, na chini yake vimelala vipande vilivyoporomoka vikiwa bado na pembe kali. Kando ya njia humetameta vigae vyeusi vya obsidiani, yaani lava iliyopoa upesi hata fuwele hazikupata nafasi ya kuumbika. Makali yake hukata kama kioo, na watu wa kale wa bonde hili walitengeneza zana kutokana na jiwe hilo. Litazame na uliache hapo hapo.

Korongo la Ol Njorowa, lililomo ndani ya hifadhi, lina historia tofauti. Maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilipokuwa na kina kikubwa kuliko cha leo, maji yake yalifurika kuelekea kusini na kuchimba njia katika matabaka ya majivu ya volkeno yaliyogandamana. Siku hizi ziwa halina mto unaotoka ndani yake, bali maji hupenya chini ya ardhi, na hiyo ni sababu mojawapo ya ziwa kubaki na maji baridi yasiyo na chumvi. Katika sehemu tuliyoruhusiwa kuingia, maji ya moto yalikuwa yakichuruzika ukutani na kuacha michirizi ya kijani na ya kahawia juu ya mwamba. Joto la chini ya ardhi linaloyachemsha ndilo linaloendesha mitambo ya Olkaria, ambayo ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 na ambayo mabomba yake yanaonekana kutoka ndani ya hifadhi.

Upungufu niliouona ni wa huduma. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwangalifu, aliyejua kila jiwe linaloteleza na aliyemshika mkono mama mmoja katika kila mteremko, lakini kila tuliposimama alituhadithia filamu zilizopigwa hapo. Nilipomuuliza kwa nini miamba imesimama kama nguzo, alinijibu, “Hiyo ni volkeno tu, mwalimu,” akaendelea na safari. Simlaumu sana, maana wageni wengi huulizia filamu. Hata hivyo, anayelipa ili aone miamba anastahili jibu refu kuliko hilo, na ni vyema amwambie kiongozi anachotaka kabla ya kukubaliana bei. Baiskeli nayo ikaguliwe mahali pa kukodi. Niliyopewa mimi katika kibanda kimoja cha barabarani ilikuwa na breki ya nyuma iliyolegea, nami nikaigundua nikiwa tayari mteremkoni.

Jambo lisilohitaji mjadala ni mvua. Mafuriko ya ghafla yaliua watu korongoni mwaka 2012, na tena Septemba 2019, kwa kuwa maji ya mvua kutoka vilima vya jirani hukusanyika humo kwa haraka, na nafasi kati ya kuta ni nyembamba mno kumwezesha mtu kukwepa. Uliza langoni kama korongo liko wazi siku hiyo, na mawingu yakitanda vilimani, baki juu kwenye magenge hata kama korongoni jua bado linawaka.