Steshenari ya Makulu: wanasoma wanachochapa

Kama una kazi ya chuo uliyoandika kwa mkono, ipeleke steshenari ya yule mama wa Makulu, yenye mwavuli wa kampuni ya simu mlangoni. Nilipeleka yangu wiki iliyopita, kurasa 22, kuhusu utetezi wa Malkia Caroline wa Uingereza. Kuchapa 1,000 kwa ukurasa, kubaindi 2,000.

Jioni naingia, "Shikamoo mama," naye macho kwenye kompyuta: "Marahaba. Kaa kwanza. Huyu mumewe si ndiye mfalme?" Ndiye. George wa Nne alirithi kiti Januari 1820, na Julai serikali yake ikapeleka Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge lao, muswada wa kumvua mkewe cheo na kuvunja ndoa, eti amezini na mtumishi wake Mwitaliano, Pergami. "Muswada? Nilidhani kesi!" Hapa Dodoma neno muswada si geni, wateja wake wengine ni watu wa Bunge. Kilichomshangaza ni mashahidi kuitwa katikati ya kusomwa mara ya pili.

Akaniomba nimsimulie habari za Majocchi, mtumishi aliyetoa ushahidi dhidi ya malkia. Upande wa serikali ulipomwuliza, alikumbuka mengi. Wakili wa malkia, Henry Brougham, alipoanza dodoso, yaani maswali ya kumbana shahidi wa upande wa pili, nani alilala chumba gani, mlango uko wapi, jibu likawa "Non mi ricordo", sikumbuki, tena na tena. Mama alicheka mpaka dada wa fotokopi akaja kusikiliza. Foleni ikasimama. Hilo ni kosa lao: wanapenda hadithi, na mwenye haraka atakasirika.

Ila kusoma kwao kuliniokoa. Niliandika kwamba muswada ulipita mara ya tatu kwa 108 dhidi ya 99, tofauti ya kura saba. "Mwanangu, mia na nane toa tisini na tisa ni tisa." Kwenye kusomwa mara ya pili ilikuwa 123 kwa 95, yaani pengo la 28 likashuka hadi 9, na Waziri Mkuu Liverpool akauondoa muswada. Hoja yangu yote imekaa juu ya hizo namba! Hotuba ya Brougham ya Oktoba 3 na 4 ilisifiwa sana, lakini mimi naona dodoso ndilo lililoiwekea msingi.

Mama aliuliza kama malkia alivishwa taji. Hapana. Julai 19, 1821 alizuiwa mlangoni Westminster Abbey, na siku 19 baadaye akafa. Alinyamaza kidogo, akabaindi.

Karatasi safi, nembo ya chuo imekaa katikati, na umeme ulipokatika waliwasha jenereta bila kuongeza bei. Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu flashi yangu ilibaki pale, na nilipoirudia kesho yake dada wa fotokopi alinitazama usoni, akasema: "Non mi ricordo."