Mshauri wa lishe Nyegezi, unapungua na ugali unakula

Wadau wa Mwanza mnaouliza kila siku wapi pa kwenda kupunguza uzito bila kushinda njaa, mi naenda kwa dada mmoja mshauri wa lishe ana ofisi ndogo huku Nyegezi, nyota nne kati ya tano nampa.

Ninachompendea ni anavyopanga kalori. Hana karatasi moja ya watu wote kama wale wauza chai za kukata tumbo wanaokwambia kula kalori 800 kwa siku alafu unywe maji, yeye anakupima kwanza, anauliza umri, kazi unayofanya, dawa unazotumia, ndo anapiga hesabu unaona mwenyewe. Mi nina miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 160, akanionyesha mwili wangu hata nikilala tu siku nzima unataka kama kalori 1,490, ukiweka na mizunguko yangu ya kila siku inafika kama 2,050, hapo akatoa 500 akaniandikia 1,550. Kwa mwendo huo tegemea kama nusu kilo kwa wiki. Nikaomba ashushe kidogo, akakataa katakata! Kasema mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanaume 1,500 labda awe anasimamiwa na daktari, maana ukikata sana kwa haraka unapoteza mpaka misuli na mawe kwenye nyongo yanaweza kukupata. Mtu anayekataa hela yako ili usiumie ni wa kuheshimu kbs.

Chakula ni hiki hiki chetu, dagaa wapo sato wapo ugali upo kwa kipimo. Anachokomaa nacho ni mafuta, kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, sasa fikiria yale tunayomimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, sato yule yule ukimchemsha na ndimu na nyanya unakula umeshiba na hesabu haijaharibika. Soda nayo, chupa inakaribia 150 na hushibi.

Nyota moja nimeitoa kwenye jedwali lake la vyakula. Limejaa oti na mkate wa brauni, ugali wa muhogo haumo, dagaa wa Kirumba hawamo, af kila kitu kwa gramu wakati nyumbani tunakula sinia moja, utajuaje umekula gramu ngapi? Ilibidi nianze kupakua sahani yangu pembeni na wifi zangu wakanuna. Arekebishe hilo jamani, wateja wake ni watu wa huku ziwani.

Kikao cha kwanza 25,000, ukirudi 10,000. Mjamzito na anayenyonyesha hawapangii kupungua, na jirani yangu anayechoma insulini alimwandikia barua aanze kwa daktari wake kwanza. Jumamosi panajaa mno, nendeni katikati ya wiki asubuhi.